Mafuta Juu ya Mstari

Nyansurura,
Jumapili, 12 Septemba 1976

Mzee Lukmani,

Shikamoo. Sijui kama ulifika Tarime salama, kwa sababu hapa hakuna aliyeniambia na mimi nimeona haya kuuliza. Siku ile mgambo walipokusindikiza barabarani nilikuwa nyuma ya stoo. Nilitaka kuja kukuaga. Sikuja.

Najua utasomewa na Arafa, mtoto wa dada yako, maana wewe na mimi tulikuwa tumefika ukurasa wa ishirini na sita tu wa kitabu cha kisomo. Basi Arafa, nakusalimu nawe. Msomee polepole, anapenda kurudia neno.

Trekta liko pale pale lilipofia, katikati ya shamba la kijiji, na plau bado imeuma udongo. Wamelifunika turubai. Ubavuni pana tundu ambalo ngumi yangu inaingia, pale chuma kilipotokea nje. Shamba lenyewe limelimwa mistari mitano, iliyobaki ni majani makavu. Mvua za vuli zikija zitatukuta hivyo.

Maneno ni mengi. Siku ya kwanza watu walisema ni ajali. Siku ya pili wakaanza kuulizana, kwa nini dereva aruke na kulikimbia trekta lake mwenyewe kama hakujua litafanya nini? Siku ya tatu Mwenyekiti Werema alitamka neno hujuma mbele ya mabalozi, na tangu hapo sijasikia tena mtu akisema ajali. Wanakumbushana kwamba Jumatatu ulimwambia Mwenyekiti trekta limechoka, lipumzishwe, na kwamba Jumanne likafa. Wanasema wewe si wa hapa. Fundi wa wilaya atakuja kulipima, kisha kutakuwa na mkutano. Katibu Nyamhanga anasema fundi akikuta mkono wa mtu, utapelekwa mahakamani Musoma na leseni utanyang'anywa.

Mimi bado naenda stoo kila asubuhi. Nafagia, napanga spana kwa ukubwa kama unavyotaka, nakaa. Tangu nirudi kutoka sekondari kungoja barua ya chuo cha ualimu sijapata mtu wa kuongea naye hapa isipokuwa wewe. Wasichana niliocheza nao zamani walibaki upande wa pili wa mto tulipohamishwa, na hawa wa safu yetu ya nyumba wananiona najivuna kwa sababu sisemi. Sijivuni. Maneno yananijia yote, yakifika kooni yanakaa. Kamati iliponituma kwako kwa sababu kitabu cha trekta ni cha Kiingereza, nilifurahi kwamba kazi yenyewe ni kusoma na kuosha vitu, si kuongea.

Wameniuliza kama niliona jambo lolote asubuhi ile. Nikasema sikuona.

Wako,
Bhoke Waitara


Tarime Mjini,
19 Septemba 1976

Kwa binti yangu Bhoke,

Marahaba. Mimi ni mzima, nashukuru Mungu, nakaa kwa dada yangu Adija. Yeye anashona, Arafa anasoma darasa la saba, mimi nakaa kibarazani kama gunia lililosahauliwa na lori. Funga inaendelea vizuri. Hakuna vumbi la kumeza.

Umeandika wanauliza kwa nini niliruka. Nakueleza wewe ili mtu akikuuliza umjibu. Ile injini ilianza kupandisha mwendo yenyewe. Nikaondoa mguu, ikazidi. Nikavuta kizimio, ikazidi. Moshi mweupe ukafunika shamba zima, sikuwaona hata waliokuwa wanafuata plau. Nikajua haisikii tena mkono wangu. Trekta likifikia hapo, dawa ni moja, ulinyime hewa. Ndiyo maana niliruka. Pembeni kulikuwa na gunia la mbegu, nilitaka kuziba nalo pua yake. Lakini nilikuwa na siku kumi na mbili za funga, miguu haikuwa yangu, nikajikwaa kwenye matuta. Nilisikia mlio nikiwa bado chini. Walioona mtu anakimbia wameona kweli. Hawakuona anakimbilia nini.

Nimewaza sana sababu. Wewe usiwe na wasiwasi kwa upande wa chujio la hewa, lile linaloshika vumbi kwa mafuta. Trekta lilipopoa nilifungua vile vibanio mbele ya Mwenyekiti, nikashusha bakuli, mafuta yalikuwa kwenye mstari, sawasawa kabisa, kama unavyoyaweka siku zote. Nilimwambia Mwenyekiti, huyu mtoto nimemfundisha mwenyewe, hakosei. Kwa hiyo liko jambo jingine, nami nalitafuta.

Endelea kufunika lile bomba la juu, ndege wasijenge.

Ni mimi,
Lukmani Swaleh

Dada Bhoke, hapa ni mimi Arafa. Mjomba amenizuia nisiandike, lakini hali chakula vizuri hata wakati wa kufuturu. Mama anamtania kwamba amefiwa na mke wa chuma. Halafu anaamka asubuhi anatafuta funguo mfukoni.


Nyansurura,
26 Septemba 1976

Mzee Lukmani,

Shikamoo, na Idi njema. Natumaini mmekula vizuri. Mimi nilipika ugali wa mtama nikala na tata, baba yangu, na nilikumbuka kwamba ni sikukuu yako.

Fundi wa wilaya alikuja Alhamisi, kabla ya siku iliyotajwa. Nilitakiwa kuwepo kwa sababu ya kitabu. Alikuwa akisema neno la Kiingereza, mimi natafuta ukurasa. Alifungua kila kitu. Bakuli la chujio akaliinua kwenye mwanga, akaona mafuta na mstari, akaliweka chini. Kisha akafungua lile bomba linalotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, akaingiza kidole, kikatoka kimelowa mafuta. Alikitazama muda mrefu. Akakifuta kwenye ovaroli na hakuandika kitu.

Halafu akaenda kwenye pampu ya dizeli. Hapo aliita watu. Akasema pana skrubu ambayo kiwandani hufungwa kwa waya na muhuri wa risasi ili mtu asiiguse, na muhuri haupo, waya umekatwa kwa koleo. Hilo aliliandika. Mwenyekiti alimwomba arudie maneno hayo taratibu ili na Katibu ayapate.

Mzee, ule muhuri ni nini? Sikuwahi kuuona. Kwenye kitabu upo kwenye picha lakini hatukuwahi kuusoma.

Mkutano umepangwa Jumamosi tarehe 16 Oktoba, shuleni. Utaitwa.

Shamba la kijiji sasa linalimwa kwa jembe. Kila nyumba inatoa watu wawili, kwetu ni mimi na tata. Jana Waisiko, yule mama jirani yetu mwenye mdomo, alisema kwa sauti ili wote wasikie kwamba dereva amekwenda mjini kula pilau na mikono yetu ndiyo imebaki matrekta. Walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, halafu nikainama kulima.

Kuna jambo ningependa kukuandikia lakini haliwezekani kupita mdomoni kwa mtu mwingine. Arafa, usinielewe vibaya, sikukusudia wewe. Ni mimi nilivyo.

Bhoke


Tarime
2 Oktoba 1976

Bhoke

Barua hii naandika mimi. Mkono wangu. Arafa hajui. Nimeanza juzi na leo namaliza. Ukiona kosa vumilia.

Ule muhuri nilikata mimi. Mwezi wa sita. Unakumbuka dizeli ilikuwa haiji. Pipa moja mwezi mzima. Nilitaka trekta linywe kidogo lilime sana. Nikakata waya nikageuza skrubu. Robo tu. Sikumwambia mtu. Kwa dereva hilo ni kosa kubwa. Niliapa siku napewa leseni.

Sasa nimejua sababu. Niligeuza vibaya. Pampu ilipata wazimu. Ni mimi nimeua trekta la watu. Hawakunisingizia.

Tarehe 16 nitasimama nitasema. Nitasema ni mimi peke yangu. Wanifunge. Nimechoka kukaa barazani.

Usimwambie mtu kabla. Nimekuambia wewe kwa sababu umenifundisha kuandika. Sikutaka neno la kwanza la mkono wangu liwe uongo.

Lukmani


Nyansurura,
7 Oktoba 1976

MZEE LUKMANI,

SHIKAMOO. NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA ILI USOME MWENYEWE. USIMPE ARAFA. NIMETAFUTA MANENO MAFUPI. UKICHOKA, PUMZIKA, KISHA ENDELEA. USIACHE KATIKATI.

SI WEWE. NI MIMI.

JUMANNE ILE VUMBI LILIKUWA JINGI. ULIKUWA UMEFUNGA. ULISEMA, BHOKE, FANYA CHUJIO, MIMI NALALA KIDOGO. NIKAFUNGUA VIBANIO. NIKAMWAGA MAFUTA MACHAFU. NIKAKWANGUA TOPE LA CHINI KWA KIJITI. NIKAOSHA WAVU KWA MAFUTA YA TAA. NIKAFUTA. NIKAWEKA MAFUTA MAPYA HADI KWENYE MSTARI.

HALAFU NIKALITAZAMA BAKULI. LILIKUWA NUSU.

NYUMBANI BIBI ALIPOKUWA HAI ALINITUMA KUMPELEKEA MTU MZIMA MAZIWA. NIKIJAZA KIBUYU NUSU ANANIRUDISHA. ANASEMA, HUYU NI MTU AU NI MBWA? JAZA. NILIJAZA VIBUYU MIAKA YOTE YA UTOTO WANGU. ASUBUHI ILE NILIONA AIBU KULIPATIA TREKTA NUSU. LINATULIMIA SISI SOTE. NIKAFIKIRI PIA, VUMBI NI JINGI, MAFUTA YAKIWA MENGI YATALISHIKA LOTE, KAMA UNAVYOMWAGA MAJI UWANJANI KABLA YA KUFAGIA.

NIKAJAZA MPAKA JUU. NIKALIRUDISHA POLEPOLE LISIMWAGIKE.

KITABU KINAKATAZA. NILIKISOMA MIMI. NILIKUELEZA MIMI, KWA KISWAHILI, USIVUKE MSTARI. NILIJUA MANENO KWA LUGHA ZOTE MBILI, NA MKONO UKAFANYA KAMA WA BIBI.

ULIPOFUNGUA BAKULI MBELE YA MWENYEKITI, INJINI ILIKUWA IMEKWISHA KUNYWA YALE YALIYOZIDI. YALIBAKI YA MSTARI TU. ULISEMA HUYU MTOTO HAKOSEI. NILIKUWA NIMESIMAMA HATUA TATU KUTOKA KWAKO. NILIKUWA NIMEFUNGUA MDOMO. KISHA MTU AKAANZA KUKUTUKANA, WENGINE WAKAFUATA, NA NAFASI IKAPITA.

KILA BARUA NILIYOKUANDIKIA NILIANZA NA HILI, NIKACHANA, NIKAANZA UPYA NA HABARI NYINGINE. WEWE UMEANDIKA KWAMBA HUTAKI NENO LA KWANZA LA MKONO WAKO LIWE UONGO. MIMI NIMEKUWA NA MKONO WA KUANDIKA MIAKA KUMI NA MOJA.

USISIMAME TAREHE 16. USISEME NI WEWE.

BHOKE


Tarime
11 Oktoba 1976

Bhoke mwanangu

Nimesoma yote. Asubuhi hadi adhuhuri. Dada Adija aliuliza nani amekufa.

Kwanza nilikasirika. Nikatupa karatasi. Kisha nikaiokota.

Sikiliza. Miaka kumi na minne naendesha. Sikuwahi kupanda trekta bila kufungua bakuli mwenyewe. Siku ile nilipanda bila kufungua. Kwa nini? Kwa sababu ulifanya wewe. Hilo ni langu si lako. Kuangalia ni kazi ya dereva.

Na muhuri nilikata. Fundi ameandika. Kosa ninalo tayari. Mtu akibeba moja abebe na la pili. Mzigo ni ule ule.

Wewe una chuo. Barua yao ikija watauliza kijiji tabia yako. Mtu wa hujuma hapewi watoto wa watu afundishe. Mimi nina nini? Nina kibaraza tu.

Choma barua zangu. Yako nimechoma mimi. Sasa hakuna.

Nakuamuru kama mzazi. Nyamaza. Hilo unaliweza kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Lukmani


Nyansurura,
Jumapili, 17 Oktoba 1976

Mzee Lukmani,

Shikamoo. Barua hii mpe Arafa akusomee kama ni ndefu. Sasa hakuna la kuficha, watu mia mbili wamelisikia.

Nilikuona jana uliposhuka kwenye gari la fundi. Ulikuwa umevaa kanzu na koti. Mgambo wakakuketisha kwenye kibaraza cha ofisi ya mwalimu mkuu, na Mwenyekiti akasema mashahidi waanze, mshitakiwa ataitwa mwisho. Kwa hiyo hukusikia kilichosemwa ndani. Baadaye wakakuambia tu panda gari, nenda nyumbani, nawe ukapanda bila kutazama upande wetu. Nakueleza nilivyoona mimi.

Fundi alisoma karatasi yake. Muhuri umekatwa. Watu wakaguna. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla dereva hajaingia, kwa namna ile ya kuuliza ambayo hangojei jibu. Nilikuwa nimekaa chini na akina mama, karibu na mlango. Nilikuwa nimeamua nisimame. Sikusimama. Nilihesabu hadi kumi. Nikahesabu tena. Kisha nikamsikia mgambo nje akikuambia uvue viatu, uingie. Nikajikuta nimesimama, na kanga yangu imekanyagwa na mama aliyekuwa nyuma, nikaivuta, na kila mtu akageuka.

Nilisema nina neno. Sauti ilitoka ndogo. Mwenyekiti akasema, sema tukusikie, au ulisomea kunong'ona? Nikasema tena. Nikasema mafuta ya chujio niliyaweka mimi na niliyapitisha mstari. Nikasema yote, hata habari ya maziwa.

Hawakuniamini, Mzee. Hilo sikulitarajia. Nilidhani kazi ngumu ni kusema. Mwenyekiti Werema alisema binti huyu ametumwa, bakuli tuliliona sote, mafuta yalikuwa sawa. Mwanamume mmoja wa nyuma akauliza huyu dereva amenioa lini, akasema barua za Tarime zinazoletwa na lori la ushirika si za kisomo. Walicheka muda mrefu. Nilimtafuta tata kwa macho. Alikuwa anatazama ubao.

Fundi ndiye aliyeinua mkono. Alichukua bakuli lile lile kwenye meza, akanipa, akasema, "Nionyeshe kwa kidole. Mpaka wapi?"

Nikaweka kidole kwenye ukingo wa juu.

"Ulipolirudisha, yalimwagika?"

Nikasema kidogo, nikayafuta kwa tambara.

Akalirudisha bakuli mezani. Kisha akawaambia watu kwamba ndani ya bomba la hewa alikuta mafuta yasiyopaswa kuwepo, na kwa wiki tatu amekosa kujua yalifikaje pale wakati bakuli lilikuwa na kipimo sahihi. Hakuyaandika kwa sababu hapendi kuandika asichokielewa. Sasa anaelewa. Injini ya dizeli ikivuta mafuta kwa njia ya hewa inayala kama chakula, na hapo hata ukifunga dizeli yote haizimi, inakwenda mpaka inapasuka. Mwenyekiti akauliza, na ile skrubu? Fundi akajibu kwamba ilikuwa imegeuzwa upande wa kupunguza. Ingelifanya trekta kuwa vivu. Isingelipandisha mwendo hata kidogo. Ni kosa, utaandikiwa onyo, lakini si lililoua.

Kwa hiyo, Mzee, ulikuwa umejihukumu bure. Wewe na mimi tulikaa mwezi mzima, kila mmoja akiona trekta ameliua yeye.

Wakaanza kushauriana juu yangu. Wengine walisema ni mtoto, wengine wakasema mtoto gani mwenye cheti. Mwenyekiti Werema akasema chuo cha ualimu kitaandikiwa kijue. Hapo tata alisimama. Alisema kwa Kikurya kwanza, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya fundi: "Huyo ni wangu. Adhabu yoyote mnayompa, mnampa mbele yangu." Akakaa. Hakunitazama.

Mwisho Katibu Nyamhanga alisoma muhtasari. Aliandika kwamba uharibifu ulitokana na makosa ya kijana mmoja wa kijiji katika kujaza mafuta. Nadhani alinihurumia, au alimhurumia tata. Watu walikuwa wameanza kuinuka. Nikafikiri, mwakani mtu atalisoma daftari hili, ataona kijana mmoja, ataona na jina la dereva kwenye mstari wa juu, na ataamua mwenyewe kwamba ni wewe. Nikasema, "Andika jina." Katibu akasema si lazima. Nikasema tena, na safari hii sauti ilifika nyuma. Akauliza jina lipi. Nikamwambia, Bhoke Waitara. Nikasimama pale mpaka nilipoona amemaliza herufi ya mwisho.

Ufunguo wa stoo nimerudisha. Leo watu walikuwa shambani ingawa ni Jumapili, maana mawingu yameanza. Tulipopanga mstari na majembe, kulia kwangu pakaachwa nafasi ya mtu mmoja na kushoto nafasi ya mtu mmoja. Waisiko hakusema kitu, yeye ambaye husema kila kitu. Nimelima katikati ya nafasi hizo mpaka saa sita. Tata alikuwa mstari wa mbele yangu. Hajanisemesha tangu jana, lakini alipofika mwisho wa tuta lake alirudi akamalizia la kwangu, kisha akaenda kunywa maji peke yake.

Najua uliniamuru. Sikukutii. Naomba unijibu hata neno moja.

Bhoke Waitara


Susuni
14 Novemba 1976

Bhoke

Nimechelewa. Si posta. Ni mimi.

Barua yako nilisoma mwenyewe. Siku mbili. Sikumpa Arafa.

Leseni wamenirudishia. Na karatasi ya onyo. Nimepata kazi huku Susuni. Trekta kuukuu kuliko lile. Nalala kwenye ghala la pamba. Watu ni wema lakini siwajui.

Nataka kukuambia kwa nini sikujibu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa kanzu safi. Nilikaa pale kibarazani na maneno yangu yamepangwa. Nilitaka kuwa mtu aliyekukinga. Mimi sina mtoto Bhoke. Nilisema angalau hili nitalifanya. Kisha mgambo akaniambia nenda nyumbani, binti amesema. Nikapanda gari. Mtu mzima mwenye mvi amekingwa na mtoto. Sikujua niweke wapi macho. Ndiyo maana sikutazama upande wenu.

Sasa hasira imeisha. Imebaki aibu tu. Aibu wewe unaijua.

Nyansurura sitarudi. Si kwa ubaya. Mimi na wewe tukikutana stoo kila mmoja atakuwa anamwomba mwenzake msamaha, kazi haitafanyika.

Wanasema hapo kwenu mtaletewa injini nyingine mwezi wa kwanza. Na dereva mpya. Atakuwa kijana kutoka chuoni. Atakuta vumbi lile hajawahi kuona. Kitabu hatakisoma, vijana hawasomi. Stoo watakuwa wamempa mtu mwingine ufunguo. Watu watakuwa bado wanakuachia nafasi kulia na kushoto.

Wewe nenda. Siku ya kwanza kabla hajapanda. Mwambie mafuta yanaishia wapi na kwa nini. Mwambie lililotokea.

Usingoje akuulize.

Lukmani Swaleh